Uchambuzi wa Bidhaa: Nakala ya Picha ya Ignatius Sancho, Kazi ya Thomas Gainsborough

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Bidhaa iliyo mezani leo ni nakala ya kanvasi ya picha ya Ignatius Sancho, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na Mwingereza Thomas Gainsborough mwaka 1768, na ambayo picha yake halisi imehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa la Kanada, mjini Ottawa. Kwa kawaida huanza na fremu na ubora wa kitambaa. Leo nitaanza na uso, kwa sababu uso ndio uliofanya nitoe fedha yangu, na uso huohuo ndio uliochapwa vibaya.

Naisogeza karibu na kamera. Tazameni shavu la upande wenye kivuli. Mchapishaji amemimina wino mweusi hadi shavu, sikio na nywele vimekuwa kitu kimoja, kama mtu aliyepigwa picha usiku bila taa. Sasa linganisheni na hii ndogo ya karatasi isiyong'aa, ambayo niliichapisha mwenyewe kutoka faili lenye piseli nyingi. Shavu lilelile lina kahawia inayoelekea wekundu, kuna mwanga kwenye paji la uso, na wekundu huo unaitikiwa na kizibao chekundu chenye utepe wa dhahabu na pia na ukuta wa kahawia ulio nyuma yake. Gainsborough hakumchora Mwafrika kwa rangi nyeusi. Alimchora kwa rangi nyingi. Mashine iliyorekebishwa kwa ajili ya nyuso nyeupe ndiyo iliyomtia weusi huu, na kosa hilo nimelikuta katika nakala nyingi za watu wenye ngozi kama yangu.

Sancho mwenyewe alikulia utumwani Greenwich, London, kisha akaingia utumishi katika nyumba ya mkabaila wa Kiingereza, Duke wa Montagu. Alitunga muziki, akafungua duka la vyakula Westminster, akapiga kura katika uchaguzi wa mwaka 1774 na wa 1780, na barua zake zilitolewa kitabu mwaka 1782, miaka 2 baada ya kifo chake. Katika picha hii bado ni mtumishi, lakini hakuvaa sare ya utumishi, wala hakushika sinia nyuma ya bwana wake kama walivyochorwa Waafrika wengi katika picha za Kizungu za karne ile. Yuko peke yake, mkono ameuingiza ndani ya kizibao, mkao ambao mabwana wa Uingereza waliuchagua walipotaka kuonekana watu wa heshima.

Maandishi yaliyobandikwa nyuma ya picha halisi yanaeleza kuwa ilikamilishwa kwa saa 1 na dakika 40, tarehe 29 Novemba 1768, mjini Bath. Mimi hutumia muda zaidi ya huo kuhariri video moja.

Kasi hiyo ilikuwa na historia. Gainsborough, mtoto wa mwisho kati ya 9 wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Sudbury, katika jimbo la Suffolk, alipelekwa London akiwa na umri wa miaka 13 hivi, akajifunza kwa Mfaransa mchongaji wa picha za kuchapwa aitwaye Gravelot. Baadaye alifanya kazi Ipswich, na mwaka 1759 akahamia Bath, ambako matajiri walikwenda kuoga maji ya chemchemi kwa ajili ya afya zao na wakabaki kwa ajili ya dansi. Wateja hawakukosekana. Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwenye mandhari za mashambani, na katika barua moja alimwambia rafiki yake kuwa amechoshwa na kuchora sura za watu, angependa achukue ala yake ya nyuzi ajiendee zake kijijini.

Mtindo wake wa mipigo mepesi ya brashi unahusu moja kwa moja mahali mtakapoitundika nakala hii. Alifunga brashi kwenye fimbo ndefu ili awe mbali na kanvasi kama alivyokuwa mbali na mtu anayemchora. Mshindani wake Joshua Reynolds, katika mhadhara alioutoa mwaka 1788 baada ya Gainsborough kufariki, alikiri kwamba ile mikwaruzo, ambayo kwa karibu haina sura, mtu akirudi nyuma hujipanga ikawa umbo. Gainsborough mwenyewe hakukubali mzaha katika jambo hili: mwaka 1784 alikiomba Chuo cha Kifalme cha Sanaa, ambacho alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kisitundike picha yake ya mabinti watatu wa mfalme juu zaidi ya futi 5 na nusu, alipokataliwa, aliondoa picha zake zote na hakuonyesha tena pale hadi alipofariki.

Turudi kwenye bidhaa. Picha halisi ina kimo cha sentimita 73.7 na upana wa 62.2. Muuzaji ameitoa kwa saizi ya 60 kwa 40, ilhali kwa kimo hicho upana ungepaswa kuwa karibu 51, kwa hiyo sentimita 11 zimekatwa na mabega yamebanwa na fremu. Mbao za fremu ni nzuri, kona zimeungwa vyema, na kanvasi haijalegea. Hayo nayasifu, lakini siwashauri mnunue kwa ajili ya fremu.

Anayeitaka picha hii amwombe mchapishaji saizi ya 60 kwa 51, karatasi isiyong'aa, na kipande cha majaribio cha uso peke yake kabla ya kulipa. Yangu ndogo nimeitundika mkabala na macho, pembeni mwa dirisha, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu.