Pantoni ya kwenda kisiwa cha Arranmore, Donegal: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Nimeanza na maksi kabisa maana najua wengi wetu subira hatuna, na ile nyota moja niliyokata haihusu pantoni wala kisiwa, inahusu chumba nilicholala bara usiku wa kuamkia safari, ntafika huko.

Kwanza mjue Donegal iko wapi maana bila hivyo mtapotea. Ni kaunti ya kule juu kabisa, kaskazini magharibi mwa Ayalandi. Iko ndani ya Jamhuri, inatumia yuro, lakini upande wa nchi kavu karibu wote imepakana na Ayalandi ya Kaskazini ambayo ni ya Uingereza, ni kipande kifupi tu kule kusini kinachogusana na kaunti ya Leitrim, ndo hapo inaposhikana na nchi yake. Na Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kizima, iko Donegal, kwa hiyo ukisimama pale uko kaskazini kuliko hiyo Kaskazini yenyewe ila kisiasa unahesabiwa uko kusini. Wenyewe wameshazoea.

Sasa sisi wenye pasipoti za nyumbani hilo jambo sio la kuchekea. Basi la moja kwa moja kutoka Dublin kwenda Letterkenny, mji mkubwa wa kaunti hiyo, linapita Omagh na Strabane, yaani linaingia Uingereza na kutoka tena, hakuna geti hakuna nini, utashtukia tu vibao vya spidi vimekuwa vya maili, lakini kisheria kama pasipoti yako inadai viza ya Uingereza basi inadai hata kama unapita tu. Watu watakwambia aah hakuna anayekagua, we sikiliza hizo stori ila ukikaguliwa utakuwa peke yako. Mi nilipanda treni Dublin mpaka Sligo, halafu basi la kupitia Bundoran na mji wa Donegal hadi Letterkenny, mwanzo mwisho ndani ya Jamhuri. Treni ya kuingia Donegal usiitafute, reli zao zilifungwa zote karne iliyopita.

Letterkenny nikapokelewa na jamaa yangu ana gari, tukazunguka njia ya Gweedore kwa makusudi ili tuuone mlima Errigal. Mita 751 tu, kwa mtu aliyekulia Moshi anaweza akaudharau, ila umesimama peke yake halafu juu ni mawe matupu ya rangi ya kijivu hafifu, jua likipiga ukiwa mbali utadhani theluji. Chini yake ni tambarare ya udongo mweusi wenye maji maji, ule wanaoukata vipande na kuukausha wakawashie moto majumbani, na kondoo wamelala barabarani hawana habari na honi yako. Miti kiduchu, upepo wa Atlantiki hauruhusu ujinga. Ukiingia maeneo wanayoongea Kiairishi vibao vya barabarani vinakuwa kwa lugha yao tu, kwa hiyo simu inakwambia Burtonport, bandari inakotokea pantoni, we barabarani unatafuta Ailt an Chorráin, andika hilo jina pembeni kabla hujaondoka.

Haya, chumba. Nyumba ya wageni, jina naliacha. Picha kwenye intaneti zinaonesha bahari, dirisha langu lilikuwa linatazama ukuta na matanki ya mafuta, hita inawashwa kwa saa za mwenye nyumba sio zako na ilikuwa Juni lakini nililala na koti. Chai ya asubuhi ilikuwa nzuri sana, nikiri.

Pantoni yenyewe usifikirie MV Magogoni ya Kigamboni, hii ni ndogo, inabeba magari machache tu, abiria wengine mnakaa ndani au mnasimama nje. Kuna makampuni mawili yanavusha, kwa hiyo kabla hujalipa tiketi ya kwenda na kurudi uliza kama inakubalika kwenye boti ya wenzao. Gari lazima uweke nafasi mapema hasa kiangazi, mtembea kwa miguu unafika tu unapanda. Mwendo ni kama dakika 15 hadi 20, na mi nasema hicho kipande peke yake kinatosha kulipia nauli, kwa sababu hampiti bahari wazi, mnapenya katikati ya visiwa vidogo vidogo, Inishcoo, Rutland, Edernish, mawe yako karibu kiasi kwamba unaona mwani unavyocheza. Rutland palijengwa bandari ya samaki aina ya heringi karne ya 18, mji kabisa, halafu heringi wakahama na mchanga ukapeperushwa ukafukia. Sasa hivi unaona magofu na nyumba chache za mapumziko.

Na msidanganywe na utulivu wa hayo maji. Tarehe 9 Novemba 1935 mashua iliyobeba watu 20 wa Arranmore, wengi vijana waliokuwa wanarudi kutoka kuvuna viazi Uskoti, iligonga mwamba usiku wakiwa karibu kabisa na kwao, wakafa 19 akabaki mmoja. Mzee mmoja kwenye boti alinionesha upande ilipotokea akanyamaza, sikumuuliza zaidi. Miaka mitano baadae, Desemba 1940, boti ya uokoaji ya kisiwa hicho hicho ikatoka kwenye dhoruba ikaenda kuwatoa mabaharia 18 wa meli ya Kiholanzi, Stolwijk. Ndo ujue ni watu wa aina gani.

Kisiwani watu hawafiki 500. Karibu wote wanakaa upande wa mashariki na kusini, wanatazama bara, upande wa magharibi ni nyika, maziwa madogo na maporomoko ya majabali mpaka baharini. Nilitembea kwa miguu hadi kwenye mnara wa taa ulioko mwisho kabisa wa kisiwa, barabara inapanda inapanda, na ukifika kuna nguzo za mawe zimesimama zenyewe baharini na kelele za ndege, upepo ule unaweza kukuvua kofia na miwani kwa pamoja. Hakuna duka huku, hakuna choo, beba maji. Kiukweli hii ndo sehemu ya safari ambayo sitaisahau.

Halafu kuna kumbukumbu ya Beaver Island, kisiwa cha Michigan, Marekani. Baada ya njaa kubwa ya miaka ya 1840 watu wengi wa Arranmore waliondoka, wengine walifukuzwa kwenye ardhi na mwenye shamba, wakaenda kuishia kwenye kisiwa kingine ndani ya ziwa huko ng'ambo, na mpaka leo visiwa hivi viwili ni ndugu rasmi. Uvuvi nao ulipata pigo, kuanzia 2007 serikali ilipiga marufuku nyavu za kuvua samoni baharini. Kwa hiyo 2019 kisiwa kikafungua ofisi ya pamoja yenye intaneti ya kasi na kikaandika barua ya wazi kwa Wamarekani na Waaustralia kwamba njooni mfanye kazi zenu hapa. Afrika hatukuandikiwa ila tunaweza kwenda tu, mi nilifungua laptop.

Ushauri wangu, lala kisiwani usiku mmoja, usifanye kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Boti ya mwisho ikishaondoka na watalii, watu wanaanza kukusalimia vingine, wanauliza umetoka wapi na ukisema Tanzania kuna mwenye shangazi aliyekuwa mtawa huko. Chakula ni pub, hata kama hunywi nenda, kuna kaa na samaki, halali sikuona ila samaki hana shida. Waislamu mkienda Juni mjue Magharibi inaingia saa nne usiku na ushee, mi nilikuwa nasinzia nasubiri. Desemba ndo kinyume, saa kumi jioni kweupe kumekwisha, na boti zinapungua, na upepo ukiamua hazitoki kabisa, kwa hiyo usipange ndege ya kesho yake.

Kuna watakaosema kwa nini sikwenda Tory, kisiwa kingine cha Donegal, ile yenye jina, yenye wachoraji na ile desturi ya kuwa na mfalme wao aliyekuwa anawapokea wageni gatini mpaka alipofariki 2018. Tory boti inatokea Machaire Rabhartaigh, haibebi magari, ni kama dakika 45 na hapo katikati ni bahari ya kweli. Naiwekea hela, na dawa ya kichefuchefu nimeshanunua.