Kumi kwa kumi kwenye karatasi iliyokatika: uzoefu wangu na tuisheni ya ufahamu wa Kiingereza

Mtihani wa darasa la saba ukishapita Septemba, mtoto anabaki na miezi michache tu. Januari anaingia kidato cha kwanza, na hapo baiolojia, jiografia, hesabu, vyote anavikuta kwa Kiingereza. Ndiyo maana tuisheni za pre-form one zimejaa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, na wazazi tunalipa bila kuuliza sana. Kituo hiki sitakitaja. Walimu wanafika kwa wakati, madawati yanatosha. Ningewapa alama nzuri tu, kama si karatasi moja ya ufahamu.

Habari yenyewe imechaguliwa vizuri kuliko nyingi. Inahusu sangara: alivyopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alivyowala furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka wakapungua vibaya, na viwanda vya minofu vilivyofuata. Mtoto wa Kirumba au Igombe, kando ya ziwa, anayajua nusu ya hayo kabla hajasoma neno moja, na msomaji mchanga anahitaji hivyo hasa, asipambane na lugha ngeni na mambo mageni kwa mpigo mmoja. Aliyeiandika alijua anachofanya.

Sasa fotokopi. Imekata aya ya mwisho yote. Ukurasa unaishia katikati ya sentensi. Majibu ya swali la 9 na la 10 yalikuwa kwenye aya hiyo. Mtoto kapata 10 kwa 10. Madaftari ya wenzake niliyoyaona, nayo 10 kwa 10, na jibu la swali la 9 ni lilelile kwa kila mmoja, mpaka alama ya mkato imekaa mahali pamoja. Maana yake majibu yaliandikwa ubaoni, watoto wakanakili, mwalimu akapiga vema. Hakuna aliyesoma. Mtoto anayesoma angeinua mkono aseme, mwalimu, karatasi imeisha kabla ya habari kuisha.

Nilimuuliza mratibu. Akanijibu mbele ya mtoto: "Mama, kapata kumi kwa kumi, unataka nini tena? Mbona wenzako hawalalamiki?"

Nataka asome! Swali la 9 linauliza kwa nini miti ya pwani ya ziwa ilizidi kukatwa baada ya sangara kuongezeka. Aya iliyokatwa haisemi hivyo moja kwa moja. Inasema furu walianikwa juani wakakauka. Inasema sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi, kwa hiyo hubanikwa kwa moshi. Inasema moshi unataka kuni. Mtoto anatakiwa aunge sentensi tatu apate jambo ambalo mwandishi hakuliandika. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye karatasi, ndilo linalomtofautisha anayeelewa na anayenakili, na wao wamelimaliza kwa chaki.

Kosa si fotokopi peke yake. Somo zima lilienda hivi: darasa linasoma kwa sauti kwa pamoja, mwalimu anatafsiri mstari kwa mstari, kisha majibu. Kusoma kwa pamoja kunamficha asiyejua, anafuata sauti za wenzake. Na tafsiri ya mwalimu inamwondolea mtoto kazi aliyolipiwa kuifanya.

Ufahamu unafundishwa kwa macho na kalamu ya risasi. Kwanza habari ipimwe: hesabu maneno 100, mageni yakizidi 2 hiyo ni ya kusoma na mwalimu; yasipozidi 2, asome peke yake. Mtoto asome maswali kwanza, halafu habari yote kimyakimya bila kamusi, hata kama kuna neno hajalielewa. Mara ya pili ndipo anashika kalamu. Kila "it", "they" na "this" aichoree mshale hadi kwenye kitu inachokirejelea. Hapa watoto wetu wanaanguka sana, na sababu iko kwenye lugha yetu wenyewe: ukisema boti iligonga jiwe ikazama, ile i- inakuambia kilichozama ni boti. Kiingereza kinasema "The boat hit a rock and it sank", na "it" ingeweza kuwa boti au jiwe; mtoto lazima afikiri. Kisha azungushie duara "although", "unless", "however", maana hapo sentensi inageuka. Wapo wanaosoma "he hardly slept" wakaandika alilala sana, kwa sababu "hard" wanaijua.

Mwisho, kando ya kila jibu aandike namba ya mstari alikolipata. Jibu la swali la kufikirisha liwe na namba za mistari miwili au mitatu. Akikosa, mwalimu anaona alipopotea. Bila namba hizo, vema na kosa havimfundishi mtu kitu.

Nilitaka kusema msipeleke watoto hapo. Lakini yuko kijana anayefundisha Jumamosi, na ndiye aliyenionyesha nakala kamili. Anafanya karibu yote haya: mishale, namba za mistari, na jibu lililonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye habari analirudisha hata kama ni sahihi. Kwa Jumamosi hizo ningelipa ada nzima bila kinyongo. Kweli kabisa.

Ila ana kipindi kimoja kwa juma, na zile siku nyingine ni chaki na kuimba. Na mratibu hadi leo hajatoa fotokopi mpya. Nikilikumbuka jibu lake, hata nyota mbili naona nyingi. Naweka moja, ni ya yule kijana.

Mzazi unayetaka kulipa, hapo au kwingine, omba madaftari matatu ya watoto tofauti. Usiangalie alama. Tafuta swali linaloanza na "Why", soma majibu matatu kwa pamoja. Yakifanana neno kwa neno, ondoka na ada yako.