Miezi 20 ya kuuza mashuka bila fremu wala stoo: uzoefu wangu na dropushipingi

Mwishoni mwa Januari 2024 nilimrudishia mwenye nyumba funguo za fremu, yaani chumba cha duka, niliyokuwa nikiuzia mashuka, duveti na mapazia mjini Morogoro kwa miaka minne. Mkataba ulikuwa umekwisha, naye alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 1,200,000, wakati fedha zangu karibu zote zilikuwa zimelala kwenye rafu kwa sura ya mashuka ya rangi ambazo wateja walikuwa wamezichoka. Tangu mwezi uliofuata nimekuwa nikiuza bidhaa zilezile bila kuzigusa. Mteja anaona picha kwenye WhatsApp au Instagram, ananilipa, mimi namlipa muuzaji wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, naye anafunga mzigo na kuupeleka kwenye basi linalokwenda mji alipo mteja. Wafanyabiashara wa nje wanauita mfumo huu dropushipingi. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kufunga maduka kwa sababu ya kodi ya pango, kama nilivyofikiria mimi, kwa kuwa maelezo mengi niliyoyasoma wakati ule yalitaja gharama zinazoondoka na kunyamazia zile zinazokuja kushika nafasi yake.

Jina ni geni, ila kazi yenyewe Kariakoo inaifahamu siku nyingi. Winga hana fremu wala mzigo. Anampokea mteja barabarani, anamtafutia anachokitaka kwenye maduka anayoyajua, anaweka cha juu chake na maisha yanaendelea. Tofauti kati yake na mimi ni moja, nayo nilichelewa kuielewa: winga anasimama na mteja mbele ya bidhaa, na mteja anakishika kitambaa kwa mkono wake kabla ya kutoa fedha. Mteja wangu wa Mpanda au Songea hashiki chochote. Ananunua neno langu, na mimi nami ninalitoa neno hilo kwa kutegemea macho ya kijana wa dukani ambaye huenda siku hiyo ana wateja kumi wanaomwita kwa wakati mmoja.

Mafunzo mengi yanayouzwa mtandaoni yanahusu aina nyingine ya biashara hii, ile ya kuchukua bidhaa China na kumuuzia mteja aliyeko Marekani. Niliifikiria kwa majuma kadhaa nikaiacha. Sehemu kubwa ya faida yake ilitegemea msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800, na Marekani iliuondoa msamaha huo kwa bidhaa za China Mei 2, 2025, kisha kwa nchi nyingine zote Agosti 29 mwaka huohuo. Kwa hiyo yote ninayoyasema hapa yanahusu kuuza ndani ya Tanzania, kutoka kwa muuzaji wa jumla ambaye ninaweza kwenda kumwona.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonitoa dukani. Nilipokuwa na fremu niliuza wastani wa seti 60 za mashuka kwa mwezi. Seti moja niliichukua kwa shilingi 22,000 kwa kuwa nilinunua kwa dazeni, na niliiuza kwa 35,000, hivyo nilibaki na 780,000. Humo nilitoa kodi 200,000, mshahara wa msaidizi 150,000, umeme na mlinzi 30,000, na usafirishaji wa mzigo kutoka Dar es Salaam 60,000. Kilichobaki mkononi kilikuwa 340,000. Sasa ninauza wastani wa seti 70, lakini kwa kuwa ninaagiza moja moja, muuzaji wa jumla hanipi tena bei ya dazeni; ananipa kwa 26,000, nami siwezi kupandisha bei yangu kwa sababu mteja analipia pia nauli ya mzigo. Faida ya jumla imeshuka hadi 630,000. Ninatoa bando 45,000, makato ya miamala 60,000, matangazo ya kulipia 80,000, na makosa na marejesho 55,000. Ninabaki na 390,000.

Msomaji ataona kwamba tofauti ni shilingi 50,000 tu kwa mwezi, na nilipoiona mara ya kwanza niliumia, kwa sababu nilitegemea mara mbili ya hapo. Gharama ya kodi haikutoweka yote, bali sehemu yake ilihamia kwenye bei ya kununulia, na nyingine ikaingia kwenye makato, kwa kuwa fedha ya mteja inakatwa inapokuja kwangu na inakatwa tena inapokwenda kwenye Lipa Namba ya muuzaji wa jumla. Makato haya hayaonekani kwa siku moja, lakini mwisho wa mwezi yanatosha kununua seti mbili za mashuka. Ninamshauri kila anayeanza ayaandike kuanzia muamala wa kwanza.

Unafuu mkubwa niliupata mahali ambapo sikuutazamia, kwenye mtaji. Fremu yangu ilikuwa na mzigo wa takriban shilingi 4,400,000. Niliumaliza kwa miezi mitatu, mwingine kwa hasara ya shilingi 4,000 kwa seti, na fedha iliyopatikana nikamalizia mkopo wa SACCOS niliokuwa nikiulipia riba tangu mwaka 2022. Shilingi 800,000 niliziweka pembeni kama akiba ya marejesho, na nimejiwekea sharti la kutozigusa kwa jambo lingine lolote. Leo sina deni, na rangi ikikataliwa na wateja hainilazimu kulala nayo; ninaacha tu kuitangaza. Kwa mtu aliyewahi kuamka usiku akiwaza mashuka ya zambarau yaliyojaa rafu mbili, huo ni unafuu mkubwa kuliko ile shilingi 50,000.

Sasa niseme kuhusu makosa, kwa sababu hapa ndipo mfumo huu ulipopima uvumilivu wangu. Mwezi wa pili, mama mmoja wa Dodoma aliagiza seti mbili za sita kwa sita kwa ajili ya wageni wa msiba. Zilifika za tano kwa sita. Alinipigia simu saa tatu usiku, akasema kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Mwanangu, shuka linaishia katikati ya godoro, na wageni wameshafika." Nilimwomba radhi, nikanunua seti nyingine kutoka duka la Dodoma kwa bei ya rejareja, nikampelekea kwa bodaboda usiku uleule, na zile ndogo nikazirudisha Dar es Salaam kwa gharama zangu. Muuzaji wa jumla alipoulizwa alisema pakiti zinafanana. Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake haukunisaidia lolote, kwa sababu yule mama hakumjua yeye, alinijua mimi.

Tangu siku hiyo hakuna mzigo unaofungwa kabla sijaona picha tatu: lebo ya kipimo, shuka lililokunjuliwa likiwa na futi juu yake, na rangi ikiwa imepigwa nje ya duka kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani zinadanganya. Rangi ya maziwa hutoka nyeupe, na kijivu hutoka bluu. Vijana wa dukani walilalamika mwanzoni kwamba ninawachelewesha, hivyo nikakubaliana na muuzaji kwamba ninaongeza shilingi 500 kwa kila seti kwa ajili ya kijana anayepiga picha, na sasa wananitumia hata kabla sijaomba. Fedha hiyo imo ndani ya ile 26,000 niliyoitaja.

Tatizo la pili ni bidhaa kwisha. Kariakoo muundo mmoja unaweza kuingia na kontena moja usirudi tena, na picha niliyoiweka Jumatatu inaweza kuwa ya kitu kisichokuwepo Jumatano. Mara nyingi katika miezi ya mwanzo nilipokea fedha, nikapiga simu, nikajibiwa: "Dada, mzigo umekata." Kurudisha fedha ya mteja kuna makato yake, na kuna doa linalobaki hata baada ya kurudisha. Siku hizi ninapiga simu kila asubuhi kabla ya kuweka picha yoyote, na simpi mteja namba ya malipo mpaka bidhaa yake iwe imetengwa kaunta. Jambo hili limenipunguzia mauzo ya haraka, na ninalikubali.

Liko pia jambo la kadi. Kwa miezi kadhaa muuzaji wangu wa kwanza alikuwa akitia kadi ya duka lake ndani ya kila mzigo, na wateja watano niliowatafuta kwa fedha zangu za matangazo wakaanza kununua kwake moja kwa moja. Sikuwa na makubaliano ya maandishi, kwa hiyo sikuwa na la kumshtaki nalo. Nilihamia kwa mwingine, na kabla ya kuagiza hata shuka moja tuliandikiana: mfuko usio na jina la duka, stika yangu juu yake, hakuna kadi, na kosa la kipimo linagharamiwa na aliyefunga. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja tu. Ninajuta kwa nini sikuiandika siku ya kwanza.

Anayeingia kwenye biashara hii aelewe pia kwamba shida za aliyeshika mzigo zinakuwa zake. Juni 24, 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa mgomo, mimi niliyekuwa Morogoro bila fremu nilifungwa pamoja nao, nikiwa na oda saba zilizokwisha kulipiwa. Niliwapigia wateja wote saba kabla hawajaniuliza, na wawili nikawarudishia fedha. Novemba 16 mwaka huo jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na siku zile sikuwa na moyo wa kumuuliza mtu habari za mashuka. Muuzaji wangu alikuwa salama, lakini duka lake lilikuwa jirani na eneo la uokoaji na halikufunguliwa kwa siku kadhaa. Tangu hapo nina wauzaji wa jumla wawili, na wa pili nilimchagua makusudi awe mbali na mtaa wa kwanza.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, imenisaidia kuliko programu yoyote ya simu. Kwa nauli ya shilingi 13,000 ya daraja la kawaida ninakwenda asubuhi na kurudi jioni, mara moja kila mwezi, na siku hiyo ninashika kila kitambaa ninachokitangaza. Pamba ninaijua kwa mkono. Polista ikichanganywa nayo, picha haisemi. Safari hizo mbili, yaani kwenda na kurudi, ni gharama ambayo sikuiweka kwenye hesabu ya hapo juu, kwa sababu nilikuwa nikiifanya hata nilipokuwa na duka, tena kwa basi.

Kuhusu serikali sina maneno mengi. Kufunga fremu hakukufuta TIN yangu wala kodi ya mapato. Muuzaji wa jumla ananipa risiti kwa jina langu, nami ninampa mteja ya kwangu, na mambo yanakwenda. Ninalotaka kulisisitiza ni namba za simu za wateja. Kila mzigo unaiweka namba ya mteja mikononi mwa kijana wa dukani, bodaboda na kondakta, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mimi sasa ninaandika jina moja, mji na namba tu, bila mtaa wala maelezo ya alichonunua, na orodha ya wateja haitoki kwenye simu yangu.

Je, ninaupendekeza mfumo huu? Ninaupendekeza kwa bidhaa zisizovunjika na zenye vipimo vichache, kama mashuka, mapazia na vyandarua. Viatu nilivijaribu kwa mwezi mmoja nikaviacha, kwa sababu namba 40 ya kiwanda kimoja ni 39 ya kingine, na theluthi ya oda zilirudi. Siupendekezi kwa mtu asiye na akiba kabisa, ingawa wengi husema unafaa wasio na mtaji, kwa kuwa kosa la kwanza litamkuta hana cha kumrudishia mteja, na ataonekana tapeli akiwa mtu mwema.

Mwezi uliopita mwenye gesti mmoja wa Ifakara aliniomba mashuka meupe 40 yanayofanana, na wauzaji wangu wote wawili kwa pamoja walikuwa na 26. Nilikataa oda hiyo. Baada ya siku mbili nilitenga kabati moja chumbani kwangu, nikanunua mashuka meupe ya pamba kwa bei ya dazeni, dazeni nne, kwa kuwa rangi nyeupe haipitwi na wakati na wenye gesti hawanunui rangi nyingine. Mengine yote yanaendelea kutoka Kariakoo. Mwenye gesti nimempigia simu kumweleza kwamba sasa ninayo 48, na ameniahidi kuja kuyaona mwenyewe wiki ijayo.