Kamera ya safari, ila mchanga haiuwezi

Nimejizuia siku nyingi nisiandike haya, maana kila nikianza hasira inanipanda upya. Kamera ndogo ya mfukoni, ile ambayo lenzi inachomoza ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima, usiende nayo safari ndefu. Mimi nilikwenda nayo safari ya miezi 3, mwaka juzi hivi, ikanifia wiki ya tano au ya sita.

Niliichagua kwa sababu simu yangu haivuti mbali. Inachofanya ni kukata kipande cha picha na kukitanua, ndege aliye juu ya mti anatoka kama doa la rangi. Kamera hii inasogeza vioo vyenyewe ndani ya lenzi, na ndege anakuja na manyoya yake. Zile kubwa za kubadilisha lenzi nilizishika dukani, nikajua shingo yangu haitabeba mzigo ule miezi 3.

Siku yenyewe tulikuwa ufukweni, upepo wa kawaida tu. Sikuiangusha. Narudia: sikuiangusha. Niliiwasha, lenzi ikatoka nusu, ikalia krrr, ikakwama. Kwenye kioo yakatokea maandishi: hitilafu ya lenzi, zima kisha washa tena. Nikazima. Nikawasha. Krrr. Dada yangu amesimama mbele yangu, mtandio unapepea, jua linazama nyuma yake, na kesho yake alfajiri anarudi nyumbani. Picha hiyo sina. Sitaipata tena.

Nikaipeleka kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza, mji uliofuata. Kijana wa kaunta hata hakuigusa. Aliiangalia pale mezani, akasema, "Hii umeiangusha, dada."

"Sijaiangusha, kaka yangu."

"Basi ni mchanga. Mchanga haumo kwenye waranti."

Ukutani, nyuma ya kichwa chake, kulikuwa na bango la kamera hiyohiyo. Mtu ameishika, anacheka, amesimama juu ya kilima cha mchanga! Nikamwonyesha kwa kidole, nikamuuliza, na yule je? Akageuka, akalitazama bango kama vile ndiyo kwanza analiona, akasema, "Lile ni tangazo." Halafu akaita anayefuata, mimi bado nimesimama pale na kamera yangu imeacha mdomo wazi.

Wanaoiuza wanajua vizuri inavyofanya kazi. Lenzi ya namna hii ni mabomba yanayoingiana, na yanasukumwa na mota ndogo mno. Kila inapotoka na kurudi inavuta hewa kama mvukuto wa mhunzi, na hewa haiji peke yake, inakuja na vumbi. Punje moja ikinasa katikati ya mabomba, mota inashindwa kusukuma na kamera inagoma. Na vumbi likipenya hadi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha, ni balaa jingine, kila picha ya anga ina doa la kijivu palepale, na huwezi kuing'oa lenzi ukalipuliza. Haya yote ningeambiwa kabla sijalipa, ningeibeba ndani ya mfuko uliofungwa na ufukweni nisingeiwasha kabisa.

Aliyeifufua ni fundi wa saa. Mzee wa watu aliketi nayo chini ya taa muda usiofika saa nzima, akaifungua, akanionyesha punje yenyewe kwenye ncha ya kibano. Moja! "Chukua, mama, endelea na safari," akaniambia. Lenzi ikatoka, ikarudi, kimya.

Sasa ndipo ninapojichanganya, kwa sababu picha za kamera hii nazipenda. Ukungu ukipanda kutoka mtoni, iliunasa kama nilivyouona. Kule mlimani kwenye baridi kali betri ilionyesha imekwisha, nikaiweka kwapani dakika chache, ikanipa picha nyingine kadhaa. Baridi huzizubaisha betri hizi, haiziui. Picha 2 nimezitundika sebuleni na kila mgeni anaziulizia. Kwa hiyo labda niseme inunueni, mradi muwe na mfuko wa kuifungia.

Lakini hapana. Kamera ya safari ya kufichwa upepo ukivuma ni ya safari gani? Na kituo kile sikisamehe. Wangeishika tu, wakaipuliza wakashindwa, ningeondoka kwa amani. Fundi wa saa ameweza kwa kibano, wao wenye vifaa vyote wananiambia habari za tangazo.

Jana nimeiwasha ili nimpige mwanangu picha. Lenzi imetoka, ila nimesikia mkwaruzo kwa mbali. Nimeizima haraka.