Uzoefu wangu: kuongeza KVM kwenye CloudStack iliyokuwa na XCP-ng pekee

CloudStack ni programu ya kusimamia wingu la mashine pepe; KVM na XCP-ng ni haipavaiza, yaani programu zinazoendesha mashine hizo kwenye seva. Nimeridhika na matokeo ya kuongeza KVM, ila upande wa CloudStack ndio mfupi kuliko yote. Kazi iko kwenye seva, kabla hujaiambia CloudStack kwamba kuna hosti mpya (seva ya kubeba mashine pepe). Ninayoeleza ni ya CloudStack 4.19 juu ya Ubuntu 22.04.

Klasta moja (kundi la hosti) haichanganyi haipavaiza, kwa hiyo KVM inataka klasta yake na hifadhi yake ya msingi, inakokaa diski za mashine pepe. Violezo (diski za mfano za kuundia mashine) havivuki: XCP-ng inatumia muundo wa VHD, KVM inatumia QCOW2, na kila kimoja unakisajili upya. Mashine pepe inayofanya kazi huwezi kuihamisha kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kuizima. Anayetafuta hilo asijisumbue.

Anza na amri kvm-ok, inayoangalia kama seva inaweza KVM. Ikikataa, mara nyingi VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe) imezimwa kwenye BIOS. Halafu sakinisha qemu-kvm na cloudstack-agent (wakala wa CloudStack kwenye hosti), wakala akiwa wa toleo lilelile la seva ya usimamizi.

Mtandao ndio unaokula muda. Tengeneza daraja la mtandao (bridge) liitwalo cloudbr0 kwenye netplan, zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao, na anwani ya IP ikae kwenye daraja, si kwenye kadi ya mtandao. Ukiweka vigezo vya daraja kama stp, netplan try, amri ya kujaribu mabadiliko kwa muda, inagoma kwa sababu haiwezi kuvirudisha nyuma. Inabaki netplan apply, na ukikosea unajifungia nje. Uwe na IPMI (njia ya kuidhibiti seva kwa mbali hata mtandao wake ukikatika) au mtu aliye karibu na seva. Kisha rudi CloudStack, kwenye mtandao halisi (physical network) wa zoni, ujaze lebo ya KVM kwa kila aina ya trafiki. Zoni iliyozaliwa na XCP-ng huwa na lebo ya Xen tu, na jina lazima lifanane na la daraja herufi kwa herufi.

Kwenye libvirtd.conf, faili la mipangilio la libvirtd (huduma ambayo wakala huitumia kuendesha KVM), weka listen_tls = 0, listen_tcp = 1, tcp_port = "16509" na auth_tcp = "none", kisha ongeza --listen kwenye /etc/default/libvirtd. Hapa wengi hukwama: libvirtd haiwaki, inalalamikia soketi za systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux. Zifunge kwa systemctl mask (libvirtd.socket, -ro, -admin, -tls na -tcp), ndipo uiwashe upya. Hiyo "none" inatisha, na ni haki itishe kwa kuwa haiulizi nywila, lakini hosti ikishaongezwa CloudStack huipa cheti na mawasiliano huhamia TLS (yaliyosimbwa) kwenye poti 16514. Hata hivyo mtandao wa usimamizi usiuache wazi. Poti nyingine za kuruhusu ni 22, 1798, 5900 hadi 6100 kwa ajili ya VNC (kuona skrini ya mashine pepe), na 49152 hadi 49216 za kuhamisha mashine.

Seva za bei nafuu zina ugonjwa wake: bodi mbili kutoka na UUID moja, namba ya utambulisho isiyopaswa kujirudia. Linganisha kwa dmidecode -s system-uuid. Zikifanana, andika host_uuid tofauti kwenye libvirtd.conf ya kila seva.

Kwa prosesa, host-passthrough (mashine pepe kuiona prosesa halisi ilivyo) ina kasi, lakini klasta ikiwa na vizazi tofauti vya prosesa uhamishaji utakufia njiani. Kwenye agent.properties, faili la mipangilio ya wakala, mimi naweka guest.cpu.mode=custom na guest.cpu.model ya kizazi cha chini kabisa kilichomo.

Kasoro ninayoipa uzito zaidi ni mapigo (heartbeat) ya NFS, hifadhi inayofikiwa kupitia mtandao. Wakala huandika alama kwenye hifadhi ya msingi kila mara. NFS ikikwama na alama isiandikike, hosti hujiwasha upya yenyewe, pamoja na kila mashine iliyomo. Swichi moja ya mtandao ikiyumba, klasta nzima inaweza kuanguka kwa mpigo. Kuna setingi ya kulizuia ndani ya agent.properties: reboot.host.and.alert.management.on.heartbeat.timeout=false. Ukiizima, ujue unabeba hatari ya mashine moja kuwaka kwenye hosti mbili na kuharibu diski yake. Mimi nimeiacha kama ilivyo, nikaipa NFS kadi mbili za mtandao zinazoingia kwenye swichi mbili.