Winchi ya haidroliki kwenye Land Cruiser yangu: winchi poa, ufungaji wa kwanza majanga

Wakuu, nimefunga winchi ya haidroliki, yaani ile mashine ya kuvuta gari lililonasa kwa waya, ila hii inazungushwa na presha ya oili, kwenye mkonga wangu kabla ya masika yaliyopita, nikafungiwa vibaya, nikafungua, nikafunga tena kwa fundi mwingine, na baada ya hapo nimeitumia kuvuta magari matatu korongoni siku moja, kwa hiyo nadhani sasa nina haki ya kuongea. Maana kila nikipaki mtu akiona ile ngoma mbele ya ngao lazima aulize, bosi hiyo ya umeme? Nikisema hapana, inaendeshwa na pampu ya stelingi, wananiangalia kama nawapiga fiksi.

Gari ni Land Cruiser pickup HZJ79, injini ile ile 1HZ ya lita 4.2 ambayo kila fundi Arusha anaijua akiwa amefumba macho. Kazi yake ni kupeleka vifaa vya kambi, mahema, magodoro, majenereta, mapipa ya maji, na mpishi na wasaidizi wake juu. Yaani sisi ndo tunatangulia, wageni wanakuja njia ikishakanyagwa, sisi tunaikuta na utelezi wake wote. Nikipakia vizuri gari inacheza kwenye tani tatu na kitu.

Kabla ya hapo nilikuwa na winchi ya umeme. Sio mbaya, sitaki kuisema vibaya, kwa kunasa mara moja mbili kwa mwezi inatosha kabisa na faida yake kubwa ni kwamba hata injini ikizima betri inavuta. Ila tatizo la umeme ni hesabu tu, winchi ikibanwa kweli inakula amperi 400 au zaidi, altaneta yangu inatoa 80 hivi, sasa hizo nyingine zinatoka wapi kama sio kwenye betri? Unavuta dakika mbili tatu, unasimama, unagusa mota imekuwa ya moto kama pasi, unasubiri ipoe, mvua inanyesha, gari inazidi kuzama. Usiku mmoja njia ya Natron nikaona moshi, nikasikia ile harufu ya waya kuungua, ndo ikawa mwisho wake. Tulitoka asubuhi kwa jeki ya tanganyika na mawe.

Sasa hii ya haidroliki inavyofanya kazi ni rahisi ukishaelewa. Gari yenye pawa stelingi tayari ina pampu inayosukuma oili kwa presha kubwa, zaidi ya paundi elfu moja kwa inchi ya mraba. Unachofanya unaikatia njia katikati, oili ikitoka kwenye pampu inapita kwanza kwenye valvu, kama huvuti inaendelea zake kwenye boksi la stelingi kama kawaida, ukibonyeza rimoti valvu inageuza, oili inaenda kuzungusha mota ya winchi halafu ndo inarudi. Umeme unaotumika ni wa kufungua valvu tu, kidogo sana, hata betri mbovu inaweza. Wamarekani wa Mile Marker ndo walieneza huu mtindo, hadi Hummer za jeshi lao walizifunga. Yangu ni ya mtindo huo, nilipata mtumba imetoka kwenye Land Rover Defender huko Uingereza, chapa naomba niiache maana sitaki stori igeuke tangazo.

Wazee wa zamani watasema winchi ya kweli ni ya PTO, ile iliyokuwa inakuja na Land Cruiser 40, inayovutwa na shafti kutoka kwenye gia. Sawa, nakubali, ile ilikuwa mnyama, ila leo kuipata nzima na shafti yake na kila kitu ni kama kutafuta mke wa kukubaliana na mama yako.

Uwezo imeandikwa paundi 10,500, kama tani 4.8. Watu wanasema chukua winchi yenye nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakia, kwa hiyo kwangu inakaa hapo hapo. Ila mjue hiyo namba ni waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye ngoma, ukiwa na waya mwingi umejikunja juu nguvu inashuka. Ndo maana ukiwa na nafasi funga kwenye mti wa mbali, usiwe mvivu, au tumia puli ili nguvu iwe mara mbili japo mwendo unakuwa nusu.

Haya tuje kwenye gereji ya kwanza. Jina sitaji, ipo Arusha, ni kubwa, ina geti na mlinzi na kochi la kusubiria. Walinipiga laki nne na nusu ya kufunga, siku mbili. Upande wa chuma walifanya vizuri, kwa hilo nawapa haki yao, walikata ngao, wakachomelea bamba nene, wakafunga bolti nane mpaka kwenye chesisi, ukiitikisa gari zima inatikisika. Shida ilikuwa kwenye oili. Nati za hozi za winchi na za pampu ya Toyota hazina nyuzi sawa, unatakiwa uchongeshe adapta au utengeneze hozi mpya yenye vichwa sahihi. Wao walichofanya, kijana alizungushia thredi tepu, ile nyeupe ya mafundi bomba, akakaza kwa nguvu zake zote. Nilikuwepo, nilimuona, nikamuuliza hiyo inahimili? Akanijibu bosi hiyo ndo yenyewe, haivuji tone. Na kweli haikuvuja. Mstari wa kurudi wakaweka mpira wa kawaida na klipu, tukamwagia ATF, ile oili nyekundu ya pawa stelingi, wakawasha, wakavuta gogo hapo uani, watu wakapiga makofi, nikalipa.

Siku ya nne nimetoka Mto wa Mbu napandisha ule mlima kwenda Karatu, gari imejaa, kona ya kwanza sawa, kona ya pili stelingi ikawa nzito ghafla kama mtu ameushika upande wa pili. Kisha ikaachia. Kona inayofuata ikashika tena. Wale mnaoijua hiyo njia mnajua pembeni kuna poromoko la namna gani, sina haja ya kueleza. Mpishi wangu aliyekuwa pembeni akaacha kuongea kabisa, na huyo mtu huwa haachi kuongea. Nikapanda gia ya kwanza mpaka pale juu penye wauza picha, nikafungua boneti, kibuyu cha oili ya stelingi kimejaa povu la pinki kama maziwa ya strawberi. Povu maana yake hewa imo ndani, hawakutoa hewa kabisa. Ni kazi ya dakika kumi, unainua matairi ya mbele, injini imezima, unazungusha usukani kushoto mwisho kulia mwisho mara kumi na tano ishirini huku unaongeza oili, halafu ndo unawasha.

Nilitoa hewa hapo hapo kwa jeki, povu likaisha, lakini uzito ukawa unarudi mara moja moja. Hapo nikajua kuna kingine.

Niliporudi mjini nikaelekezwa kwa mzee mmoja maeneo ya Unga Limited, gereji haina hata bango, kazi yake ni hozi za matrekta na matipa, ana mashine ya kubana vichwa vya hozi na meza iliyojaa nati. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaja akachungulia mbele ya gari, akaona ule weupe kwenye nyuzi, akacheka kwa pua. Akasema kijana wangu, nani alikufungia bomba la maji hapa?

Alifungua valvu mbele yangu juu ya gazeti. Ndani kuna kipande kama pensili kinachoteleza kwenda na kurudi, kimeng'arishwa hadi unajiona, na pembeni yake kimejikunja kiuzi cheupe, chembamba, kama kipande cha mfuko wa rambo. Akakitoa kwa sindano. Kikatoka kingine. Vilikuwa vitatu. Hivyo ndo vilikuwa vinazuia valvu isirudi katikati, kwa hiyo oili iliyotakiwa kwenda kwenye stelingi inapotelea upande wa winchi, usukani unakufa. Kumbe tepu ukiikaza kwenye nyuzi inakatika, vipande vinasafiri na oili. Mzee akasema kwenye haidroliki kichwa cha hozi kinaziba chuma kwa chuma au kwa oringi, ile pete ya mpira, ukiona fundi anatoa tepu, chukua funguo zako uondoke.

Akaosha valvu na dizeli, akatengeneza hozi mbili mpya zile zenye nyavu mbili za waya ndani, akazipitisha mbali na feni na kuzivalisha mpira pale zinapogusa chuma, mpira wa klipu akautupa, akaweka filta ndogo kwenye mstari wa kurudi na kipozeo kidogo cha oili mbele ya redieta. Kumwaga oili yote, kuosha, kutoa hewa, siku moja na nusu. Laki tatu na ishirini pamoja na hozi. Akanipa na kile kiuzi kimoja kwenye karatasi ya gazeti, ili nikumbuke.

Sasa kazini. Mwezi wa nne njia ya Engaruka, tumekuta korongo limejaa maji ya juzi, yamepungua yameacha tope zito lenye mchanga chini. Mimi nilinasa wa kwanza, mkia umekaa chini. Mgunga uliokuwa karibu ulikuwa mita kama ishirini na tano hivi, nikauzungushia mkanda wa kuvutia, nikatupia koti zito juu ya waya ili ukikatika usije ukakata mtu, nikawafukuza wale vijana waliokuja kutazama wasimame mbali, nikabonyeza. Jamani ni polepole. Mita nane ilinichukua karibu dakika tano. Morani mmoja mpaka akaniambia mzee zima tukusukume tu, hii itafika kesho. Lakini haikusimama. Haikunung'unika, haikunuka, ilikuwa inaingia tu kama saa ya ukutani, gari ikajitoa yenyewe hadi kwenye kokoto.

Kisha nyuma yetu ikaja kanta ya mnadani imejaa magunia na watu, ikaingia pale pale nilipotokea, ikakaa. Nikageuza gari, nikafunga puli, tukaivuta. Halafu kuna Noah, sijui nani aliidanganya ipite ile njia, nayo tukaivuta. Jumla karibu saa nzima ya kuvuta, nilikuwa nagusa hozi, ya moto lakini mkono unavumilia, mshale wa joto la injini uko pale pale. Winchi yangu ya zamani ingekuwa imekufa kwenye kanta. Nilijifunza pia kukanyaga mafuta hakusaidii kitu, pampu ya stelingi yenyewe ina valvu inayobana mtiririko, ukipandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini, kidogo hadi kama 1,200 kwa dakika basi, zaidi ya hapo ni kelele na kuchoma dizeli. Na ikizidiwa haiungui, inasimama tu, presha inafunguka, unaenda kuchimba kidogo mbele ya tairi unarudi.

Mabaya yake sasa, maana yapo. La kwanza ni kwamba injini ikizima wewe huna winchi, una pambo. Ilinitokea mwezi wa tano, gari imelala ubavu mtaroni, dizeli ikahamia upande mmoja wa tenki, ikavuta hewa, ikazima katikati ya kuvuta, tukabaki tunaning'inia na waya umekazwa hadi tukapiga pampu ya mkono kwenye filta na kuwasha tena. Ukiwa mtu wa kuvuka mito mirefu, fikiria hilo mara mbili. La pili ukiwa unavuta huku unataka kukata matairi usukani unakuwa mzito, maana pampu ni moja wanagawana. La tatu uzito, na bamba na ngoma na waya wa chuma springi za mbele zilishuka nikabadilisha, hiyo ni hela nyingine ambayo hakuna aliyeniambia. Na ukipasua hozi porini umepoteza winchi na pawa stelingi kwa mpigo, kwa hiyo mimi natembea na hozi moja ya akiba na lita tatu za ATF nyuma ya siti.

Nani aifunge? Mwenye gari la kazi, anayenasa kila wiki na kuvuta wenzake, asiye na haraka. Kama gari lako linatoka Jumapili kwenda kuchoma nyama Duluti, nunua ya umeme, ongeza betri ya pili, utaokoa hela na hutakatiwa mpira wa stelingi na mtu yeyote.

Winchi naipa nne juu ya tano, moja nimekata kwa ule mwendo wake. Mzee wa hozi tano, na angekuwa na kochi ningempa sita. Ile gereji ya kwanza mbili, zote za kuchomelea. Nilirudi kwao na kile kiuzi kwenye gazeti, msimamizi akakitazama, akasema pole sana bosi, ungerudi mapema tungekuangalizia bure. Hela hakuna aliyeigusa. Nikaenda kuitafuta risiti yao nyumbani, mstari wa sita umeandikwa kwa kalamu ya bluu: thredi tepu, 4, shilingi 6,000.