Pampu ya joto la ardhini nyumbani kwetu Sweden: uzoefu wangu

Nikiwaambia ndugu wa Kenya kwamba nyumba yetu inapashwa kwa joto la ardhini, fikra zao huenda moja kwa moja Olkaria. Kule visima hushuka hadi kilomita 3 hivi kutafuta mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Hapa nje kidogo ya Stockholm hakuna mvuke. Mwamba ulio chini yetu una nyuzi 7 au 8 tu, iwe Julai au Januari, na hizo zinatosha. Maji yaliyochanganywa na ethanoli ili yasigande huzunguka kwenye bomba la plastiki lililo ardhini, huokota joto hilo dogo, kisha kompresa hulipandisha hadi lifae redieta za kupasha vyumba na maji ya kuoga. Ni kazi ileile ya friji, ila sisi tunautaka ule upande wa nyuma unaotoa joto.

Mwenye kiwanja kikubwa anaweza kulaza mabomba yake mita 1 hivi ardhini, na anayepakana na ziwa akayazamisha majini. Wengine huvuta maji ya kisima yenyewe na kuyarudisha chini, lakini yakiwa na chuma nyingi mfumo huziba. Kiwanja chetu ni kidogo, kwa hiyo tulichimba wima, mita 180.

Jiandae kwa siku ya uchimbaji. Kwanza waliteremsha bomba la chuma hadi kwenye mwamba ili udongo usiporomokee ndani, kisha nyundo ya hewa ikaanza kugonga na vikombe vikatetemeka kabatini. Tope la kijivu lilitoka kwa nguvu, likajaza kontena na kurukia hadi ua wa jirani.

Mashine yenyewe naipenda kweli. Kwa kila uniti 1 ya umeme tunapata takriban 3 za joto, na hata baridi ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri watoto wanacheza sakafuni bila soksi.

Ila msikodolee macho mashine mkasahau kisima. Kampuni ya kwanza ilituletea bei tamu kwa shimo fupi zaidi, tukaikataa. Shimo likiwa fupi, mwamba hupoa mwaka hadi mwaka, pampu inazidiwa, kipasha-maji cha umeme cha akiba kinawaka, na bili inapaa miezi ileile uliyotaka nafuu. Dai hesabu ya urefu wa shimo kwa maandishi, ikitaja mahitaji ya nyumba yako. Ulizia pia mashimo ya majirani: hapa hushauriwa yaachane mita 20, la sivyo yananyang'anyana joto. Na kabla ya kuchimba lazima manispaa ijulishwe.

Gharama ya mwanzo ni kubwa mno, hilo silifichi. Kama nyumba yako tayari inapashwa kwa maji moto ya mtandao wa mabomba ya mji kwa bei nzuri, mimi nisingekushauri uchimbe.